Uzi Mmoja

Tartu, Januari, saa nane usiku.
Theluji imeziba dirisha la chumba cha seva
na mimi nimevaa koti la marehemu baba juu ya koti langu,
naunganisha njia mbili.

Ya kwanza inatoka wodi ya wazazi:
jina la mama, kundi la damu, chupa ngapi.
Ya pili inaishia maabara, ng'ambo ya mto,
kwenye majokofu yanayonguruma.

Zamani, yaani hadi Jumanne,
kati yake palikuwa na sanduku.
Ujumbe ulidondoka ndani, kifuniko kikafunga,
na sanduku, kwa adabu zake zote, likajibu: Nimepokea.
Neno tamu kama ahadi ya mdeni.
Wala halikusema uongo. Lilipokea kweli.
Ila upande wa pili hapakuwa na wa kulifungua;
mitambo ya maabara ilizimwa dakika kumi na moja
ibadilishiwe kitu kidogo,
na Leelo, muuguzi wa zamu, akalisoma lile neno,
akamwambia mama aliyekuwa akivuja damu: "Inakuja."

Ilikuja. Ilikuja kwa bahati, kwa miguu,
kifuani pa mwanafunzi wa udaktari
aliyeteleza mara mbili darajani.
Mama yu hai. Mtoto ana kilo tatu kasoro kidogo.
Mimi ndiye niliyelijenga sanduku.

Mkutanoni Heldur alilitetea.
"Foleni ni ustaarabu," alisema. "Mwenye mzigo autue, aende zake.
Ukimfunga huyu kwa yule, akikohoa mmoja wataugua wawili."
Ana haki. Heldur ana haki mara nyingi mno,
ndiyo maana hula chakula cha mchana peke yake.

Lakini nimekata shauri.
Natunga uzi katika tundu la njia ya kwanza,
naupitisha hadi ya pili bila fundo katikati,
na uzi ule ule, si mwingine, ndio utakaorudi.
Anayeuliza atasimama mlangoni, mkono juu ya kitasa,
mpaka wa ndani amalize, ageuke, atamke:
ndiyo, zimetengwa nne.
Au hapana.
Au nyumba yenyewe haina mtu,
na hilo nalo atalijua papo hapo,
si kesho, si kwa salamu za kuambiwa.
Mjumbe hauawi, sawa. Huyu wangu simuui.
Ila haruhusiwi kurudi mikono mitupu akitabasamu.

Namtuma mgonjwa wa kubuni, kundi O hasi.
Skrini inaganda.
Sekunde moja. Mbili.
Ya tatu ina vyumba ndani yake,
naingia kimoja baada ya kingine nikizima taa.
Nne. Jibu hilo, limerudi kwa njia liliyoendea.
Naifungulia wodi.

Haipiti nusu saa, simu inalia.
"Urve, kitu chako kimekwama."
"Hakijakwama, Leelo. Kinasubiri."
"Kinasubiri nini?"
"Unachosubiri wewe."
Ananyamaza. Namsikia akipuliza chai.
"Basi kiandike hivyo," anasema, "maana kimya chake kinatutisha."
Naandika, kwa herufi ndogo, chini kushoto:
bado niko mlangoni.

Asubuhi, ndani ya basi, natoa simu mfukoni.
Mama, kule Võru, ameniandikia mara tatu wiki hii:
bomba la jikoni, goti, paka aliyehamia kwa jirani.
Mara zote tatu nimemjibu kwa kidole gumba kilichosimama.

Nampigia. "Ngoja," anasema, "nitafute miwani."
Simu ninayo sikioni, sifanyi lingine.
Namsikia akivuta droo, vijiko vinagongana,
akiitukana, akiifunga, akivuta nyingine.
Kituo changu kinapita.