Milango Minne

Ule mlango wa Probox ukiugonga kwa kidole
ulilia tang!
kama sufuria tupu iliyoangushwa usiku.
Fundi Shekue akatega sikio, akacheka:
"Hili si gari, yakhe. Hili ni debe la mafuta ya kupikia
lililotiwa magurudumu."

Sikumwambia kwa nini nautaka ukimya.
Wengi wamwendeao hutaka muziki,
besi ya kutikisa vioo vya maduka ya watu.
Mimi nilikuwa na mama, na sauti ya mama
ilikatwa pamoja na uvimbe wa koo mwezi wa Rajabu,
ikabaki pumzi yenye herufi.
Kila Jumanne twatoka Mikindani kwenda Makadara kliniki,
malori ya kontena ubavuni, matairi yakinguruma chini,
naye anong'ona kitu, midomo naiona,
nami naitikia "naam, mama,"
kwa jambo nisilolisikia.

Kwanza Kahindi, kijana wa kazi, alileta lami,
ile ya kuzibia paa,
roli nzima kwa bei ya kilo tatu za nyama.
Shekue akaigusa, akajipangusa kwenye suruali.
"Ngoja Januari. Jua la hapa litaiyeyusha,
iteremke ndani ya mlango kama uji,
uwe wanusa barabara mpya hata ukiwa umeegesha."
Sponji nayo akaikataa: hunywa unyevu,
na chumvi ya pwani haingoji kukaribishwa mara mbili.
Akanitandikia butili, shuka nyeusi, nzito,
mgongo wake karatasi ya fedha,
hukunjika, haivunjiki.
Nikauliza bei. Nikanyamaza.
Huo ndio ukimya wa kwanza niliouziwa siku ile.

"Si lazima ufunike kote," akasema.
"Bati ni kama mtoto mtundu.
Mshike bega tu, mwili wote utatulia."
Nikanunua ya milango minne na sakafu ya mbele.
Paa lingoje mshahara mwingine.

Tukang'oa viti, tukakunjua zulia:
sarafu ya shilingi kumi, kibanio cha nywele,
tembe moja ya dawa, imegeuka unga.
Spiriti juu ya bati, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu,
mpaka kitambaa kitoke jinsi kilivyoingia.
Kahindi akata, Shekue abandika,
mimi nimepewa rola ndogo ya mbao
nikandamize mpaka vijimraba vya fedha vilale bapa.
Karatasi ile hukata. Vidole vitatu vilitoka damu.
"Na usizibe vitundu vya chini!" akanikaripia.
"Maji ya mvua yapite.
Mlango usiotoa maji huoza huku umependeza."

Baada ya laasiri akaugonga tena.
Dup.
Kama kifua cha mtu aliyeshiba.

Jumanne, Changamwe, lori likatupita;
nililiona kuliko nilivyolisikia.
Ndipo vikajitokeza vidogo:
kijiko kikicheza ndani ya dashibodi,
mkanda ukisugua shati langu,
kisha mama, mkavu, karibu kabisa:
"Mwendo, Nasoro. Punguza mwendo."
"Ndiyo kwanza wasema?"
"Tangu Rajabu."

Nikapunguza. Nyuma yetu wakapiga honi,
mbali, kama ugomvi wa nyumba ya tatu.
Akanusa, akaigeuza polepole shingo yenye kovu:
"Na gari lanuka gundi. Fungua kioo."

Mama, nikasema, nimelipa elfu kumi na nne.
Akanitazama.
Nikafungua kioo.

Upepo wa Makupa ukaingia na kila kilichokuwa ndani yake,
injini, breki, mtu akimwita mtu.
Midomo ya mama ikaendelea.
Safari hii sikuitikia naam.
Nikapandisha kioo nusu, nikainama upande wake:
"Wasemaje?"