Dawa ya Fernande

Daktari Maltais kaniandikia dawa ya kichefuchefu,
nami tumbo langu zima, lasaga hata mawe.
Nikamuuliza: umeshika faili la nani?
Akacheka, akanigusa kisogo.
"Panapotapika ni hapa, Rosaire."

Miaka thelathini kiwandani Jonquière
nilimimina alumini bila kumwaga tone.
Leo supu hainifiki mdomoni:
kijiko hutoka bakulini kimejaa, hufika kitupu,
na anayeshiba ni shati.

Polisi wamenisimamisha mara mbili
barabara ileile, mchana kweupe.
Mzee, umekunywa nini?
Nimemnywa babu yangu, niliwajibu,
na babu alimnywa babake.
Kijana yule akaandika, akafuta, akaniacha.

Mwenda pole hajikwai, husema wenye miguu yao.
Mimi naenda pole, tena pole mno,
na hujikwaa nikiwa nimesimama.
Tazama nyayo zangu kwenye theluji ya uani:
mwandiko wa mtoto wa darasa la kwanza,
herufi kubwa, herufi ndogo,
kisha doa pana, pale alipoketi kwa ghafla.

Sasa hiki kisanduku.
Nilikitambua kabla sijasoma jina.
Cheupe, ukingo wa buluu.
Kingine kama hiki kingali kwenye droo, upande wake wa kitanda,
tangu ule mwezi wa Machi uliokataa kwisha,
Fernande akikumbatia ndoo ya kijani
kila walipomtundikia dripu ya saratani.
Kidonge juu ya ulimi, kikayeyuka,
na baada ya nusu saa aliweza kula kipande cha mkate
na kunikosoa ninavyopaka siagi.

Nimemeza siku nne.
Kila asubuhi najaza glasi hadi kwenye alama ya wino,
nabeba kutoka jikoni hadi dirishani, hatua kumi na moja.
Jumatatu ilifika nusu, nusu nyingine ikanywewa na soksi.
Leo imepungua upana wa kidole.
Sijapona. Daktari kasema labda,
nami hiyo labda nimeikunja nikaitia mfukoni,
sitaki Ghislain aione,
ana wasichana wawili, na mdogo
ameanza kushika ukuta akishuka ngazi.

Nikaketi kwenye kiti cha Fernande.
Nikapaka mkate siagi.
Nilipaka vibaya,
kingo zote kavu, mlima katikati.
Lakini yote
ilikuwa juu ya mkate.