Liwe Lilitarajiwa au La

Nachapa mikataba Kasese, mkabala na maegesho ya malori ya saruji,
shilingi elfu mbili ukurasa, mia tano ukitaka nakala.
Sheria sikuisomea. Imeniingia kwa vidole,
kama fundi cherehani ajuaye kiuno cha diwani
bila kuwahi kula naye.

Jumanne walikuja watatu:
wakili Bwambale, mkoba umechubuka pembe;
Ssekitto, mnunuzi kutoka Kampala, simu mbili,
viatu visafi mno kwa vumbi letu;
na Masika, mhazini wa wakulima wa vanila wa Kyondo,
gomesi ya kijani, tope la mlimani kwenye visigino.

Tulikwenda vizuri hadi kifungu cha kumi na nne.
Badiliko la Sheria.
Wakili akasoma, nikachapa:
"Sheria maana yake ni sheria, kanuni, waraka, tangazo,
katazo, agizo, au tafsiri ya lolote kati ya hayo."
Masika akainua mkono kama yuko darasani.
Na yule wa kizuizini, asemaye kibali changu ni cha mwaka jana
na mwaka jana wenyewe haujaisha,
naye ni sheria?
Bwambale akavua miwani, akaifuta.
"Huyo," akasema, "ni tafsiri."

Nikaendelea kuchapa.
"Endapo Mamlaka itasogeza tarehe ya kuvuna,
na jambo hilo likawa halikutarajiwa,
hasara itabaki pale itakapoangukia."

Masika akacheka mpaka printa ikaonekana kushtuka.
Halikutarajiwa?
Tunalitarajia kuliko mvua ya Machi!
Mwanangu wa darasa la tatu analitarajia!

Kimya.
Kisha wakili, polepole, kama atoaye mwiba kidoleni mwa mtu:
"Mama, ukilitarajia, kifungu hakikulindi.
Kifungu humlinda aliyeshtuka."

Ajabu ya karatasi:
humfidia aliyelala, humtoza aliyekesha.

Na hiyo hasara, akauliza Masika,
imewahi kuanguka kwenda juu?
Huyu ofisi yake iko ghorofa ya tatu.
Sisi tuko chini ya mteremko.

Ssekitto akageuza simu zote mbili kifudifudi.

Ndipo akatueleza, bila kupaza sauti:
ua hufunguka asubuhi moja tu,
ulichavushe kwa kijiti kabla jua halijakaza,
kisha miezi tisa ya kungoja, kama mimba.
Ganda likiiva haliulizi wizara.
Tarehe ikisogea wiki mbili, tunalala shambani,
tochi, panga, moshi wa kufukuza mbu.
Shemeji yangu Muhindo alitoka huko na homa, hakuamka.
Mkataba wenu unahesabu siku.
Andikeni usiku.

Umeme ukakatika.
Kompyuta yangu ni kuukuu, haina betri.
Uliporudi, kifungu cha kumi na nne hakikuwepo,
kishale kinapepesa peke yake kwenye weupe.
Hakuna aliyenilaumu.

Tukaanza upya.
"Tarehe ikisogezwa, liwe lilitarajiwa au la,
gharama ya ulinzi kwa kila usiku itagawanywa..."
Theluthi, akasema Ssekitto.
Nusu, akasema Masika.
Wakatua kwenye sehemu mbili kati ya tano,
wote wawili wamekunja uso,
nikajua tumefika.

Wa kizuizini tulimwacha nje.
Bwambale alijaribu mara tatu kumwandika,
kila sentensi akaipitia pembeni.

Nikatoa nakala tatu, nikaweka kaboni,
maana Masika alitaka sahihi moja ipite kote.
Hakuandika jina.
Aliishika kalamu kama pini,
akachoma M, akachoma K, nukta kwa nukta,
vile anavyotoboa ganda bichi mzabibuni mwake,
ili likiibwa, kovu limtaje mwenyewe.

Karatasi ilitoboka.
Wakili akaomba nichape nyingine.
Nikamwambia wino umekwisha.