Saba kwa Kumi

Kibanda cha waya kinapovuka bonde la Chiatura
mimi hukaa kona ya nyuma,
mkoba mapajani, na ndani yake madaftari thelathini na moja
ya darasa la nane,
na la thelathini na mbili, ambalo halina jina juu.
Chini, mto Kvirila unapita mweusi
kama maji yaliyooshea sufuria.
Dakika nne. Nimezihesabu miaka kumi na tisa.
Dakika nne zatosha sentensi moja,
mbili nikiwa na bahati,
kisha mlango unafunguka kwa kishindo
nami nakuwa tena Mwalimu Lamzira,
mwenye chaki kwenye mkono wa koti
na sauti ambayo nyumbani siitumii.

Wahenga walinena: mshika mbili, moja humponyoka.
Hawakusema ni ipi.
Usiku mwingine huponyoka kalamu,
nikalala kifudifudi juu ya insha za watu
zenye kichwa kimoja, “Likizo Yangu,”
na likizo zote zilikuwa kwa bibi.
Asubuhi nyingine huponyoka shule:
namtazama mtoto akinyoosha kidole
namwona, simsikii,
natafuta neno la rangi ya kucha zake.

Mkuu wa shule, Bwana Guram, alinionya kwa upole,
akinimiminia chai:
“Kuandika ni kazi ya wastaafu, mwalimu.
Subiri pensheni.”
Dada yangu Tsiuri hakutumia upole.
“Nani atasoma habari za vumbi?
Vumbi tunalo.”

Basi ikawa Februari, umeme umekatika,
nasahihisha kwa mshumaa, nafunga mkoba kwa haraka,
na kesho yake nagawa madaftari
kama mtu anayegawa karata, bila kutazama.
Jioni nahesabu: langu halipo.

Siku mbili sikula kitu cha maana.
Siku ya tatu Bachana, yule wa dawati la dirishani,
alinisubiri ukumbini wote walipotoka.
Alilileta limefungwa kwa gazeti, kama samaki.
Hakusema neno.

Nililifungulia chooni, choo cha walimu, komeo nimelitia.
Alikuwa amelisahihisha.
Kwa wino wa kijani, maana mwekundu ni wangu.
Hapa koma.
Hapa, “Neno hili umelirudia mara tatu,
na wewe mwenyewe hutukataza.”
Hapa alama ya kuuliza, peke yake,
pembeni ya aya niliyoipenda kuliko zote.

Na ukurasa wa arobaini, ule wa mama yake,
siku walipoleta kofia ya baba kutoka mgodini
bila baba.
Nilikuwa nimeandika: alilia hata kuta zikaloa.
Yeye aliandika chini, kwa herufi ndogo:
“Hakulia. Alimenya viazi.
Vingi mno. Tulivila siku tatu.”

Mwishoni kabisa, ndani ya duara:
saba kwa kumi.

Nilikaa pale hadi kengele ikalia,
mwanamke wa miaka arobaini na sita
akiona haya kwa sababu ya viazi.
Nilikuwa nimeiba, na hata hivyo
nilichokiiba sicho.

Nikamkuta uwanjani, kwenye theluji iliyokanyagwa.
Nikamwuliza, je, nawezaje,
yaani, naweza kuviandika vile viazi?
Akatazama waya, kibanda kikija.
“Viazi andika,” akasema.
“Jina langu usiandike.”

Kwa hiyo Bachana si jina lake,
wala hakai dirishani.
Hayo mengine ni kweli.

Leo kibanda kimekwama katikati ya bonde,
kinayumba, abiria wananung'unika,
mzee mmoja anamlaani fundi na ukoo wake.
Ningeweza kuandika ukurasa mzima.
Nimetoa kalamu nyekundu.
Yamebaki madaftari sita,
na la kwanza juu ni la yule
ambaye si Bachana.
Naanza nalo, polepole,
natafuta mahali alipokosea koma.