Kipande cha Sabuni

Mimi ndiye niliyeitia ile sabuni.
Niseme mapema, kabla watu wa Ipole hawajasema.
Kipande cha mche, cha bluu, nusu ya kiganja,
nikakifinyanga kwa mate,
nikakisindilia kwenye ufa wa tangi
nikiwa chali chini ya pikapu, petroli ikinidondokea kwapani
baridi, kama mtu anayenong'ona jambo asilotaka lirudiwe.

"Itakufikisha," nilimwambia Mihambo.
Sikusema wapi.

Alikuwa na ndoo kumi na tisa za asali kutoka Kitunda
na mnunuzi Tabora mjini asiyejua kusubiri.
Pampu ya mafuta ilikwisha kufa tangu Sabasaba.
Pampu mpya ni bei ya ndoo nne,
na ndoo nne ni ada ya Nyamizi,
basi tulikuwa tumefanya kama wote wafanyavyo:
dumu la lita tano nyuma ya kiti,
mpira wa dripu kutoka zahanati,
tone, tone, hadi kwenye kabureta,
gari likanyweshwa kama mgonjwa.
Dumu likiisha, ananyonya tangini kwa mdomo, anatema, anaendelea.
Tulicheka. Wallahi tulicheka.
Nikalipwa kikombe cha asali, nikakilamba njiani.

Harufu? Ilikuwepo.
Nyamizi aliisema kwanza, akishuka shuleni kichwa kikimgonga,
sare yake ikinuka kama kituo cha mafuta.
Mama yake akaifua mara tatu
kwa mche ule ule wa bluu.
Mihambo akasema: gari lisilonuka petroli
ni gari lisilo na petroli.
Hapo pia tulicheka.

Petroli haina pupa.
Mvuke wake mzito kuliko hewa,
hulala sakafuni kama mbwa, karibu na miguu ya dereva,
ukingoja waya mmoja uliochubuka.

Na sabuni, ngoja nilimalize hili,
sabuni haiogopi petroli. Inaogopa maji.
Siku ile ilinyesha mvua ya kwanza,
madimbwi ya Sikonge yalijaa hadi magurudumu yakanawa.
Hilo nilikuwa nalijua.
Niliisikia mvua ikipiga bati la gereji yangu,
nikavuta blanketi.

Saa moja jioni, kabla ya Ipole, giza likaingia.
Akawasha taa.
Kosa lake lote ni hilo:
giza liliingia, akawasha taa.

Alitokea dirishani. Ngozi ya viganja ilibaki kwenye kitasa.
Nyamizi hakuwamo.
Siku hiyo tu, hakuwamo.

Watu wananiuliza: ni dumu, fundi, au ni tangi?
Sijui. Moto hauachi risiti.

Alfajiri nilikwenda.
Asali ilikuwa imechemka, imepasua ndoo,
imetiririka hadi mtaroni, nyeusi,
na nyuki walikwisha fika, maelfu kwa maelfu,
juu ya vyuma vilivyokuwa bado na joto,
wakichukua chao.
Hakuna aliyewafukuza.
Nilisimama na spana mfukoni, sijui niliibebea nini.

Mihambo hanilaumu, na hilo ndilo linaloniuma.
Ananyoosha mikono yenye bandeji nimshike,
ananiuliza kama naweza kumtafutia injini nyingine.

Jana imekuja pikapu nyeupe, imesheheni tumbaku,
nyuma yake mstari wa matone kutoka barabara kuu hadi mlangoni kwangu.
Dereva hakuzima.
"Fundi Kasanda, ziba tu kwa sabuni. Nifike Tabora."

Sabuni ninayo. Iko dirishani, ya kunawia.
Nikamwambia: Zima. Shuka.
Fungua milango yote, upepo upite.
Hapa unalala, hata iwe siku tatu.

Akazima. Akatazama jua.
Akatazama mzigo wake, akanitazama mimi.
Tumelala hivyo, yeye kwenye mkeka, mimi kizingitini,
na hadi sasa ufunguo
bado uko mkononi mwake.