Siku ya Tatu

Ermelinda hahesabu watu, huhesabu magurudumu.
Masanduku yakipanda ngazi za Alfama,
krrr, krrr juu ya mawe tangu alfajiri,
humjulisha nani kaja, nani keshaondoka.
Linaloondoka hushuka likilalamika
kwa uzito wa divai, vigae, na dagaa wa kopo
waliovalishwa karatasi za sherehe.

Jengo lina orofa nne na kengele nane.
Zamani kila kengele ilikuwa na jina:
Quitéria mshona nguo, Baltazar wa tramu,
wale ndugu wawili wasiosemezana tangu mwaka wa mafuriko.
Sasa ni namba, na visanduku vya funguo
vimeng'ang'ania mlangoni kama chaza mwambani.
Jina limebaki moja, kwa wino, na wino umefifia.

Halalamiki sana. Mashuka ya wageni ndiyo mkate wake:
huyafua, huyapiga pasi, huyapandisha juu.
Mgeni njoo, mwenyeji apone. Naam,
amepona. Inayougua ni kodi tu,
kila Januari homa yake hupanda.
Vitanda vyote anavijua. Pale walipomlaza
Baltazar kabla ya kumzika, leo pana picha ya jogoo
na kadi: Karibu nyumbani.

Humgongea. Neno la siri la mtandao ni lipi?
Wenyeji hula wapi?
Huwaonyesha jiko lake kwa kidole gumba,
nao hucheka, wakidhani ni utani.
Siku mbili, kisha krrr, krrr. Wengine.
Siku ya tatu, ile ya kumpa mgeni jembe,
haijawahi kuzipanda ngazi hizi.

Shida ni mashuka makubwa.
Shuka la watu wawili hukunjwa na watu wawili.
Quitéria ndiye aliyekuwa akishika ncha ile,
wakisogeleana, wakirudi nyuma,
huku wakiusengenya mtaa mzima.
Mkataba ulipokwisha alihamia ng'ambo ya Tejo, kwa bintiye.
Tangu hapo Ermelinda hufunga ncha kwenye kitasa cha mlango,
na kitasa hakina habari.

Juma lile wafanyakazi wa uwanja wa ndege waligoma.
Kijana wa orofa ya tatu, mrefu, pua imebabuka kwa jua,
alishuka kuuliza kama anaweza kulala tena.
Ameshaona kila kitu, alisema kwa mikono,
ngome, mnara, keki za mayai,
hajui aifanye nini siku iliyobaki.

Ermelinda alimtazama viatu, kisha vidole.
Akampa ncha ya shuka.
"Rudi nyuma," akamwambia kwa Kireno,
na yeye asiyejua Kireno akarudi nyuma
mpaka mgongo ukagusa jokofu,
shuka likanyooka katikati yao, jeupe, likitoa mvuke.
"Sasa njoo."
Akaja.
"Haya, niambie. Mama yako anaishi na nani?"