Mweka Hazina

Kikao cha kwanza tulikaa kwa Mama Gwantwa, Kiwira,
mvua ikipiga bati hata tukawa tunapaziana sauti
kama watu wanaogombana, kumbe tunakubaliana.
Nani ashike daftari? Wakanitazama.
"Wewe ndiye kaka mtu. Na mwandiko wako unasomeka."
Nikachukua kaunta buku, nikapiga mistari kwa rula:
Jina. Ahadi. Taslimu. Baki.

Figo yenyewe ni bure, dada yetu Sekela anaitoa.
Mlango wa kuitolea ndio wenye bei,
na wa kuingilia, na kitanda, na vidonge
atakavyomeza Anyelwisye mpaka uzeeni,
Mungu akimpa huo uzee.
Milioni thelathini na nne, alisema daktari,
kwa sauti ya mtu anayetaja umbali.

Basi nikaandika.
Wachuma chai wa Katumba: kilo zao za Jumamosi nzima.
Bibi Tulinagwe: mkungu wa ndizi, umeuzwa elfu kumi na mbili.
Kwaya ya vijana: elfu themanini na kapu la parachichi.
Tuliyachelewesha stoo, yakaiva yote usiku mmoja,
tukayala kwa chumvi, tukiona aibu.
Mzee Mwaisumo, aliyesogeza mpaka wa shamba letu
wiki ile ile tuliyomzika baba,
alikuja gizani, akaweka laki moja mezani,
akasema, "Usiandike jina."
Nikaandika: Mpaka.

Tajiri wa mbao kutoka Mafinga aliahidi milioni mbili,
akapigiwa makofi na vigelegele.
Hayo makofi ndiyo tuliyopeleka benki.

Usiku simu ilitetemeka chini ya mto:
elfu mbili, elfu moja, mia tano,
muamala umekamilika,
na makato, makato, makato.
Namba moja isiyo na jina ilituma mia saba
kila Ijumaa, wiki tisa.
Mia saba. Nauli ya mtu aliyeamua kutembea.

Na Anyelwisye, fundi baiskeli,
Jumatatu, Jumatano, Ijumaa yuko Rufaa, Mbeya,
damu yake inazungushwa nje ya mwili
kama mnyororo uliochomolewa ukaoshwe.
Maji hunywa kwa kifuniko cha chupa, anahesabu.
Nje mvua ya Rungwe inamwagika bila hesabu.
Aliniambia, "Kaka, ukisikia bomba linavuja, nifungie.
Sauti yake inaniumiza."

Sasa niseme lisilo na safu humu ndani.
Tuliitwa watatu kupimwa.
Mimi nilifika mpaka kwenye ngazi za hospitali.
Ngazi kumi na moja. Nilizihesabu kupanda,
nikazihesabu kushuka.
Nikasema nina presha. Sijawahi kupimwa presha.
Nilishika kalamu kwa kuwa nilikimbia kisu,
ndiyo maana hesabu zangu hazipotezi hata shilingi.

Imebaki milioni moja na laki mbili.
Pikipiki yangu imeondoka jana na kijana wa Ilima,
nikausikiliza mlio wake mpaka darajani,
na bado imebaki laki tatu.

Leo alfajiri, stendi, ukungu umefuta milima yote.
Wanakwenda vipimo vya mwisho.
Anyelwisye keshalala kwenye kiti cha dirishani.
Sekela kavaa sweta lake la shule ya zamani, nembo kaibandua,
kaomba daftari, kidole kinashuka jina kwa jina.
"Mbona wewe haumo?"
"Mweka hazina hajiandiki."
Akanitazama kama anavyotazama sufuria
kujua kama maji yamechemka kweli.
Akachukua kalamu, akaandika: Ambindwile.
Kwenye Ahadi akaweka kistari.
Kwenye Baki hakuandika kitu.
Akanirudishia, akapanda.

Kondakta akagonga bodi mara mbili.
Nimesimama, daftari liko wazi, manyunyu yanatua kwenye wino.
Nafunika kwa kiganja, si jina langu.
Nafunika ile mia saba.